Jock Stein: Kocha Aliyejua Kuishi na Wachezaji Watukutu

Tarehe 25 Mei, 1967, katika Uwanja wa Taifa wa Ureno jijini Lisbon, klabu ya Celtic kutoka mji wa Glasgow, Uskoti, iliifunga Inter Milan ya Italia mabao 2-1 na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Ilikuwa klabu ya kwanza kutoka Uingereza kufanya hivyo. Wachezaji wote 11 walioanza siku hiyo walikuwa wamezaliwa ndani ya eneo la takriban maili 30 kutoka uwanja wao wa nyumbani. Wengi wao walikuwa wana wa wafanyakazi wa kawaida.

Kocha aliyewaongoza alikuwa Jock Stein, mchimba makaa ya mawe wa zamani. Ushindi wa Lisbon umeandikwa katika vitabu vingi. Hata hivyo, kazi iliyomgharimu Stein muda na subira kuliko nyingine yoyote haikuonekana katika ubao wa matokeo. Ilikuwa kazi ya kuwalea wachezaji wenye vipaji vikubwa na tabia ngumu, kila mmoja kwa namna yake, bila kuharibu nidhamu ya kikosi na bila kumpoteza mchezaji mwenyewe. Katika kazi hiyo alifanikiwa mara nyingi, na mara nyingine alishindwa.

Stein alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1922 katika kitongoji cha Burnbank, Hamilton, mkoa wa Lanarkshire, eneo lililoishi kwa migodi ya makaa ya mawe. Akiwa bado kijana mdogo aliingia mgodini, na kwa miaka kadhaa maisha yake yakawa ya pande mbili: siku za kazi alikuwa chini ya ardhi, na Jumamosi alikuwa uwanjani akicheza kama beki wa kati wa klabu ndogo ya Albion Rovers. Mgodini, uzembe wa mtu mmoja ungeweza kuwaua wengi, na kila mchimbaji alilazimika kumjua vyema aliyefanya kazi kando yake, nguvu zake, udhaifu wake na hofu zake. Stein aliyabeba mafunzo hayo maisha yake yote.

Mwaka 1950 aliacha mgodi na kwenda Wales kuichezea Llanelli. Mwaka uliofuata Celtic ilimrudisha nyumbani, zaidi kwa matarajio kwamba angewasaidia vijana wa kikosi cha akiba. Majeruhi kwa mabeki wengine yalimfungulia mlango wa kikosi cha kwanza, akawa nahodha, na mwaka 1954 aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Uskoti. Hakuwa mchezaji wa kipaji cha pekee, na yeye mwenyewe alilitambua hilo. Jeraha la kifundo cha mguu lilimlazimisha kustaafu mwaka 1957.

Baada ya kustaafu alikabidhiwa vijana wa kikosi cha akiba cha Celtic. Hapo ndipo alipoanza kuwalea wachezaji kama Billy McNeill, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Lisbon. Stein alisafiri nao, alizungumza nao kuhusu mpira hata nje ya saa za mazoezi, na alitaka kujua wanatoka katika familia gani na wanaishi vipi. Katika zama ambazo makocha wengi walikaa ofisini wakiwa wamevaa suti na kuonana na wachezaji siku ya mchezo tu, mwenendo huo ulikuwa mgeni.

Mwaka 1960 alichukua jukumu la kuifundisha Dunfermline, klabu iliyokuwa hatarini kushuka daraja. Aliinusuru, na mwaka uliofuata aliipa Kombe la Uskoti kwa kuifunga Celtic 2-0 katika mchezo wa marudiano. Mwaka 1964 alihamia Hibernian ya Edinburgh, na mwezi Machi, 1965 akarejea Celtic akiwa kocha mkuu, wa nne tu katika historia ya klabu hiyo. Celtic ilianzishwa na jamii ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na makocha wote waliomtangulia walikuwa Wakatoliki. Stein alikuwa Mprotestanti. Katika Glasgow ya wakati huo, ambako dini na soka vilifungamana kwa namna iliyoleta uhasama mkubwa, uteuzi huo ulikuwa jambo zito.

Kikosi alichokikuta kilikuwa na vijana wenye uwezo lakini hakikuwa kimetwaa kombe kubwa tangu mwaka 1957. Mazoezi yalikuwa zaidi ya kukimbia kuuzunguka uwanja. Stein aliingia uwanjani akiwa amevaa mavazi ya mazoezi, akaleta mipira, na kuanza kumsoma mchezaji mmoja baada ya mwingine. Hakumhukumu mtu kwa sifa aliyokuja nayo.

Bertie Auld ni mfano mmoja. Alikuwa winga hodari mwenye hasira za haraka, na Celtic ilikuwa imemuuza kwa Birmingham City mwaka 1961. Alirejea Januari, 1965, miezi michache kabla ya Stein. Kocha huyo alimtoa pembeni na kumfanya kiungo, sehemu ambayo ukali wake na akili yake ya mchezo vilipata kazi ya kufanya katika kila dakika. Aprili, 1965, Auld alifunga mabao mawili katika fainali ya Kombe la Uskoti ambayo Celtic ilishinda 3-2. Mchezaji aliyeonekana kuwa mzigo aligeuka kuwa injini ya timu, akishirikiana na Bobby Murdoch, ambaye naye Stein alimrudisha nyuma kutoka safu ya ushambuliaji.

Mfano mwingine ni mlinda mlango Ronnie Simpson. Stein alipokuwa Hibernian hakumhitaji, akamuuza kwa Celtic mwaka 1964. Miezi michache baadaye kocha na mchezaji huyo walikutana tena chini ya paa moja. Stein angeweza kushikilia uamuzi wake wa awali ili kulinda heshima yake. Badala yake alimtazama upya, akaona amekosea, na kumpa nafasi. Simpson alisimama langoni Lisbon akiwa na umri wa miaka 36.

Lakini mtihani mkubwa kuliko yote ulikuwa Jimmy Johnstone.

Johnstone alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Viewpark, si mbali na alikotoka Stein mwenyewe. Alikuwa mfupi, mwenye nywele nyekundu, na akiwa mtoto aliwahi kuwa mwokota mipira katika uwanja wa Celtic. Akicheza winga ya kulia, alikuwa na uwezo wa kumpita beki, kumsubiri, kisha kumpita tena. Watazamaji walimpenda kwa hilo. Makocha walisumbuka kwa sababu hiyo hiyo, maana mara nyingi alicheza kwa ajili ya chenga na si kwa ajili ya timu. Nje ya uwanja alipenda starehe na pombe, na hakuwa mtu wa kuzingatia saa.

Stein alipofika, Johnstone alikuwa ameshuka kiwango na hakuwemo katika fainali ya Aprili, 1965. Kocha hakumwondoa klabuni, na wala hakumbembeleza. Alimweleza wazi kwamba nafasi yake iko katika kikosi cha kwanza na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeizuia. Msimu uliofuata Johnstone alikuwa miongoni mwa nguzo za timu iliyotwaa ubingwa, wa kwanza kwa Celtic tangu mwaka 1954. Ubingwa huo ulifuatiwa na mingine minane mfululizo, hadi mwaka 1974.

Stein hakuwa mnywaji wa pombe. Alikuwa na marafiki na watu wa kumpa habari katika mitaa mingi ya Lanarkshire na Glasgow, na ilifahamika kwamba angeweza kupiga simu katika baa ambayo Johnstone ndiyo kwanza ameingia, na kumwamuru arudi nyumbani. Wachezaji wenzake walicheka kisa hicho, lakini walielewa maana yake. Kocha alikuwa akimlinda mtu ambaye hakuweza kujilinda mwenyewe. Aidha, ukali huo haukuwa wa Johnstone peke yake. Wachezaji wote walijua kwamba Stein ana habari zao, na hakuna aliyeweza kulalamika kwamba mmoja anaachiwa afanye atakavyo.

Katika mfumo wa mchezo, hata hivyo, Johnstone alipewa uhuru ambao wengine hawakupewa. Lisbon ni ushahidi. Inter Milan ilijulikana kwa ulinzi wa kumkaba mtu kwa mtu. Stein alimwagiza winga wake asibaki pembeni, bali azurure ndani ili amvute beki aliyekuwa akimkaba na kuacha nafasi. Katika nafasi kama hizo mabeki wa Celtic walipanda kushambulia, na beki Tommy Gemmell ndiye aliyesawazisha katika dakika ya 63 kwa shuti kali, kabla ya Steve Chalmers kufunga la ushindi. Mchezaji aliyezoea kucheza kwa ajili ya chenga zake alikubali kucheza ili wengine wafunge. Mwaka huo Johnstone alishika nafasi ya tatu katika kura za mchezaji bora wa Ulaya. Celtic ilitwaa mashindano yote matano iliyoshiriki msimu huo.

Mafanikio hayakumaliza ugumu. Oktoba, 1968, katika mchezo wa ligi dhidi ya Dundee United, Stein alimtoa Johnstone uwanjani. Mchezaji huyo alikasirika, akavua jezi na kuitupa kuelekea benchi la ufundi mbele ya umati wa watazamaji. Stein alimfuata hadi ndani ya njia ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo. Yaliyozungumzwa humo yalibaki baina yao, lakini adhabu ilitangazwa hadharani: kusimamishwa kwa wiki moja. Jina kubwa la mchezaji halikumwokoa. Vilevile, adhabu hiyo ilikuwa na mwisho. Wiki ilipokwisha, Johnstone alirudi kazini, na kosa hilo halikugeuzwa kuwa deni la kudumu.

Wiki chache tu baadaye, tarehe 13 Novemba, 1968, Celtic iliikaribisha Red Star ya Belgrade, Yugoslavia, katika Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Johnstone alikuwa na hofu kubwa ya kupanda ndege, iliyotokana na safari moja ambayo ndege ilitikisika vibaya angani. Mchezo wa marudiano ulikuwa Belgrade, na mawazo ya safari hiyo yalikuwa yakimsumbua. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa 1-1.

Stein aliijua hofu hiyo. Kocha mwingine angeidharau au kuifanyia mzaha. Yeye aliigeuza kuwa makubaliano: endapo Celtic ingeshinda kwa tofauti kubwa ya mabao, Johnstone asingelazimika kusafiri. Kipindi cha pili kilikuwa cha mtu mmoja. Johnstone alifunga mabao mawili, akashiriki kuandaa mengine, na mchezo ukamalizika kwa 5-1. Wenyeji waliomwona usiku huo walikiri kwamba hawakuwahi kumwona akicheza vizuri zaidi.

Kilichofuata kina uzito kuliko hata yale mabao. Timu iliposafiri kwenda Belgrade wiki mbili baadaye, Johnstone alibaki Uskoti. Stein alikuwa na kila sababu ya kumtaka mchezaji wake bora katika ugenini mgumu, lakini ahadi ilitimizwa. Mchezo uliisha 1-1 na Celtic ikasonga mbele. Ndani ya majuma machache, mchezaji mmoja alikuwa ameona kwa kocha yule yule adhabu isiyopindishwa na ahadi isiyovunjwa. Yote mawili yalimwambia jambo moja, kwamba neno la kocha huyo ni la kuaminika.

Matunda yake yalionekana tena mwaka 1970 katika nusu fainali dhidi ya Leeds United, mabingwa wa England wa msimu uliokuwa umetangulia. Celtic ilishinda 1-0 ugenini, kisha 2-1 katika uwanja wa Hampden mbele ya watazamaji 136,505. Johnstone aliwatesa mabeki wa Leeds katika michezo yote miwili. Katika fainali, hata hivyo, Feyenoord ya Uholanzi iliifunga Celtic 2-1 katika muda wa nyongeza.

Itakuwa si haki kueleza mafanikio pekee. Stein alikuwa na upande mgumu ambao uliwaumiza baadhi ya wachezaji wake. Oktoba, 1969, Gemmell alitolewa nje na mwamuzi akiichezea timu ya taifa ya Uskoti dhidi ya Ujerumani Magharibi. Siku tatu baadaye Celtic ilikuwa na fainali ya Kombe la Ligi. Stein alimwacha nje ya kikosi bila kumwarifu mapema. Celtic ilishinda fainali hiyo, lakini jeraha lilibaki. Gemmell aliomba kuondoka, na ingawa aliendelea kucheza na hata kufunga katika fainali ya Ulaya ya mwaka 1970, uhusiano wao haukurudi kama ulivyokuwa, na mwishoni mwa mwaka 1971 alihamia Nottingham Forest. Adhabu pengine ilistahili. Namna ilivyotolewa ndiyo iliyomvunja moyo.

Kisa cha George Connelly kilikuwa kizito zaidi. Kijana huyo alikuwa na kipaji ambacho wengi walikiona kuwa kikubwa kuliko cha mchezaji mwingine yeyote wa kizazi chake. Januari, 1966, akiwa bado hajatimiza miaka 17, aliwastaajabisha watazamaji kwa kuuchezea mpira bila kudondoka akiuzunguka uwanja, kabla hata hajaingia kikosi cha kwanza. Mwaka 1969 alifunga bao katika fainali ya Kombe la Uskoti ambayo Celtic iliifunga Rangers 4-0. Mwaka 1973 waandishi wa habari za soka wa Uskoti walimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka.

Lakini Connelly hakuwa Johnstone. Ugumu wake haukuwa wa kelele, bali wa ukimya. Alijitenga na wenzake, na umaarufu ulimlemea. Mwaka huo huo wa 1973 aliondoka uwanja wa ndege na kuiacha timu ya taifa iliyokuwa ikijiandaa kusafiri. Aliondoka Celtic na kurudi zaidi ya mara moja. Stein alijaribu kumrejesha, kwa ukali na kwa upole, lakini njia zilizomfaa winga mchangamfu hazikumfikia kijana aliyekuwa akiumia moyoni. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 26, Connelly aliachana na Celtic. Katika zama hizo klabu hazikuwa na washauri wa afya ya akili, na kocha mmoja, hata awe hodari kiasi gani, hakuweza kuziba pengo hilo peke yake.

Mwaka huo huo ulikuwa wa mabadiliko makubwa. Celtic ilimruhusu Johnstone kuondoka baada ya michezo zaidi ya 500. Mwezi Julai, Stein alipata ajali mbaya ya gari iliyokaribia kuyakatisha maisha yake, akakaa nje ya kazi msimu mzima. Alirejea, akatwaa ubingwa na Kombe la Uskoti mwaka 1977, na kuondoka mwaka 1978 akiwa ameipa Celtic mataji 10 ya ligi, Makombe 8 ya Uskoti na Makombe 6 ya Ligi, mbali na lile la Ulaya.

Baada ya siku 44 tu akiwa Leeds United, aliitikia wito wa kuifundisha timu ya taifa ya Uskoti. Aliiongoza katika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1982 nchini Hispania, ambako ilitolewa katika hatua ya makundi kwa tofauti ya mabao. Tarehe 10 Septemba, 1985, mjini Cardiff, Uskoti ilikuwa ikihitaji sare dhidi ya Wales ili kuendelea kuwania nafasi ya kwenda Mexico. Penalti ya Davie Cooper, dakika chache kabla ya mchezo kumalizika, iliipatia sare ya 1-1. Stein alianguka pembeni ya uwanja mchezo ulipokuwa ukimalizika, na kufariki dunia muda mfupi baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 62. Msaidizi wake siku hiyo alikuwa Alex Ferguson, ambaye baadaye alijijengea jina kwa kazi ile ile ya kuwaongoza wachezaji wenye vipaji na tabia ngumu.

Johnstone aliishi hadi mwaka 2006. Maisha yake baada ya soka hayakuwa mepesi. Alipambana na ulevi, na mwishoni na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomdhoofisha mwili. Hata hivyo, mwaka 2002 mashabiki wa Celtic walimchagua kuwa mchezaji bora wa wakati wote katika historia ya klabu yao.

Hoja ambayo maisha ya Stein yanaiacha kwa kila anayekabidhiwa kijana mwenye kipaji ni kwamba nidhamu na huruma si mambo mawili yanayopingana. Mchezaji mtukutu anaweza kuvumilia adhabu ikiwa anajua kosa lake, anajua adhabu itakwisha lini, na anaamini kwamba anayemwadhibu bado anamtaka. Stein alipoyazingatia hayo matatu, alimpata Johnstone. Alipoyaacha, alimpoteza Gemmell. Na kwa Connelly, ambaye hakuhitaji adhabu bali msaada wa aina nyingine, uzoefu wake wote haukutosha.

Leo sanamu za Stein na Johnstone zimesimama nje ya uwanja wa Celtic jijini Glasgow. Ya Johnstone ilizinduliwa mwaka 2008, na ya kocha wake mwaka 2011.